Mwanangu Mita na Siku Sukari Iliposhuka

Mwanangu anasoma mita za maji. Ni mwaka wa kumi na tisa sasa anaifanya kazi hiyo, ndiyo maana mtaa mzima umelisahau jina nililompa na kumwita Mita. Mwanzoni nilikasirika. Jina nilitoa mimi, uchungu wa kuzaa ukiwa bado mwilini, halafu watu wa mabomba wanakuja kulibadilisha bila hata kubisha hodi! Lakini mwenyewe aliitika, na mtu akishaitika huna la kumfanya.

Nataka kumwandika huyu mwanangu. Kusoma nilijifunza uzeeni, kwenye darasa la watu wazima, nikibishana na mwalimu kila jioni, na mpaka leo naandika polepole. Lakini kuna jambo lilitokea kwetu siku ya mbio, na kila anayelisimulia ananificha mimi, eti ananisitiri. Sikumwomba mtu anisitiri. Nililifanya mwenyewe, nitalisema mwenyewe.

Kwanza mjue Mita ni mtu gani. Ni mwanamke wa miaka arobaini na miwili, na mwili wake ni wa ukoo wetu, ukoo wa wanawake wanaojaza mlango. Asubuhi anavaa koti la kazi, anachukua kulabu yake ya chuma, tochi na kitambaa, anaingia mitaani. Mita za watu zinakaa ardhini, ndani ya visanduku vya zege. Anapiga magoti, anafunua kifuniko kwa kulabu, anafukuza mende na nyigu, anafuta kioo, anasoma namba. Anainuka, anakwenda mlango wa pili. Nyumba mia moja na ishirini kwa siku. Mbwa wote wanamjua na wote wanamchukia. Watu nao ni hivyo hivyo. Wakimwona kwa mbali utasikia, "Mita huyo!" na nyumba zote zinakuwa kimya. Kuna mzee mmoja mtaa wa nyuma, kila Mita akibisha hodi anaambiwa mzee amelala. Amelala tangu mwaka juzi.

"Mkimwamsha mniite," Mita huwaambia, "nije nimpe pole ya usingizi."

Anakaa na mimi, yeye na binti yake. Baba wa mtoto aliondoka zamani, na sitapoteza wino kwa ajili yake. Mtoto tunamwita Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hajanyamaza. Sasa ana miaka tisa.

Mita ana tabia moja. Kila asubuhi kabla ya kwenda kusoma mita za watu, anasoma ya kwetu, kama wengine wanavyojitazama kwenye kioo. Basi mwaka jana, asubuhi moja, akarudi ndani amekunja uso.

"Mama, nyumba inavuja."

"Haivuji."

"Inavuja. Maji yanakwenda karibu mara mbili."

Akafunga koki zote, akaweka sikio kwenye kuta. Akachimba uani kulifuata bomba, akaniharibia mboga zangu. Wiki mbili anatafuta. Kuna siku nilimkuta jikoni amelala kifudifudi na koti lake la kazi, sikio sakafuni, ameninyooshea kidole nisitembee.

Mimi nilikuwa na ugomvi wangu. Chiriku alikuwa ameanza kukojoa kitandani, mtoto wa miaka minane wakati huo! Nafua mashuka kila siku, namgombeza kila siku, kwa maneno ambayo leo mkono wangu unakataa kuyaandika. Na mtoto alikuwa anakunywa maji. Anakunywa bilauri, anajaza nyingine, anaimaliza amesimama palepale bombani. Amekonda mpaka sare ya shule inamzunguka. Nikasema anarefuka huyo, watoto wakirefuka hukonda. Niliyajua yote mimi.

Siku ya kumi na tano Mita alisimama mlangoni anamtazama mtoto anakunywa. Bilauri ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kulabu ikamponyoka ikaanguka sakafuni.

"Mama," akasema, "siyo bomba."

Tulimfikisha hospitali anahema kama aliyefukuzwa, na pumzi yake inanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Muuguzi akamchoma kidole, tone la damu likaingia kwenye kipimo kidogo cha kushika mkononi. Namba nazijua, hazinishindi, nikainama nisome. Hakikuandika namba. Kiliandika herufi mbili.

"Kimeharibika hiki," nikamwambia.

"Hakijaharibika, Bibi. Sukari ya mtoto imepita pale kinapoweza kuhesabu."

 Kisukari! Mimi nilijua ni ugonjwa wa watu wazima, wenye vitambi vyao na viti vyao vya kuzunguka. Mtoto asiyefika kilo ishirini na tano ameutoa wapi? Daktari akatuambia kuna kitu tumboni kinaitwa kongosho, na cha mtoto huyu kimeacha kazi.

"Kimegoma?" nikauliza.

"Kimegoma, Bibi, na hakirudi kazini."

Ndiyo maana ya sindano. Kila anapokula, achomwe. Siyo wiki hii wala mwezi huu. Maisha yake yote. Nilikaa chini, na aliyesogeza kile kiti simjui mpaka leo.

Mita akauliza kosa ni la nani. Chakula? Ukoo? Daktari akasema si kosa la mtu, na sababu yenyewe hasa bado haijulikani, watu wanafanya utafiti. Neno hilo ndilo Mita alilorudi nalo nyumbani. "Wanatafuta, Mama," akaniambia. "Kama mimi nilivyolala pale jikoni. Wanajua panavuja, hawajui ni wapi."

Tulikaa wodini siku tisa, na kwa siku tisa tuliishi kwa neno moja. Mita akitoka kazini anauliza toka mlangoni, "Imeshuka?" Nami namjibu, "Imeshuka, mwanangu." Ilipotoka kwenye herufi ikawa namba, tulikumbatiana. Ilipofika ishirini, Mita alicheka kwa mara ya kwanza. Daktari akipita na faili lake, "Imeshuka vizuri," na mimi namshukuru kama aliyenipa nyumba. Basi kichwani mwangu neno hilo likapata kiti chake pamoja na habari njema zote, likakaa, likakataa kuinuka. Hilo ndilo lililotaka kumuua mjukuu wangu.

Mwaka huu chama cha wazazi pale hospitali kikaandaa mbio za marathoni, kilomita arobaini na mbili na vipande, fedha ziende kwa hao wanaofanya utafiti wa kisukari cha watoto. Kila mkimbiaji anatafuta watu wa kumwahidi kitu kwa kila kilomita atakayoimaliza. Mita alilitoa jambo hilo tukiwa mezani, kama mtu anayeomba chumvi.

"Nitakimbia."

"Utakimbia nini?"

"Marathoni."

"Wewe?"

"Mimi, Mama."

 Hata basi hajawahi kulikimbilia huyu. "Na hayo makalio utamwachia nani?" nikamuuliza.

Chiriku akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Mita hakutikisika. "Nitakwenda nayo. Ulinipa mwenyewe, siwezi kuyaacha nyumbani."

Miezi minane alifanya mazoezi. Anaamka kabla ya kazi, anazunguka mtaa, mbwa nyuma yake. Jirani yetu fundi viatu, ambaye kibanda chake kinatazamana na mlango wetu, alimpigia soli mara tatu. "Dada Mita," alimwambia, "viatu hivi vilikuwa na amani kabla hujaviingiza miguu." Lakini alikuwa wa kwanza kuahidi. Waliobaki Mita aliwafuata nyumba kwa nyumba, kwa zamu yake ileile ya kazi. "Wewe uliyenikatia maji?" mmoja akamjibu. "Nitatoa, tena kwa kila kilomita, kwa sababu ya tatu itakushinda." Hata yule mzee wa usingizi aliamka, akaandika jina lake, akarudi kulala.

Sasa nije kwangu.

Mita alinifundisha. Hakuna atakayesema hakunifundisha. Jioni moja alikaa na kipimo mkononi, akasema, "Mama, ikiwa juu sana kuna sindano, na muda tunao. Ikiwa chini ya nne, hatuna muda. Mpe kitu kitamu papo hapo." Nikajibu nimesikia. Sikusikia. Kufundishwa na mtoto niliyemfundisha kufunga vifungo, tena mjukuu anatazama! Masikio yalijifunga yenyewe. Na mara mbili tatu nilimwona anamnywesha Chiriku maji ya sukari, haraka haraka. Nikasema moyoni, mapenzi yamempofusha, anamuua mtoto huku anamkumbatia. Kopo la sukari nikalifungia kabatini, ufunguo nikautia kifuani. Mita alidhani ni uchoyo wa uzee, akanunua kopo lingine. Hilo nalo nikalifungia.

Siku ya mbio aliondoka saa kumi na moja alfajiri. Kiunoni alikuwa na mkanda wenye vifuko vidogo vya asali, vya kujitia nguvu njiani. Akasimama mlangoni. "Chiriku anajua kujichoma, wewe simama naye tu. Tutaonana njia panda, kilomita ya thelathini na moja. Na Mama, peremende ziko kwenye begi lake. Usizitoe."

Usizitoe! Mimi naambiwa usifanye, ndani ya nyumba yangu. Nilizitoa kabla gari lililomchukua halijakata kona.

Saa mbili na nusu Chiriku alijichoma sindano ya chakula, kwa hesabu ya vipande viwili vya mkate na yai. Akala kimoja. Furaha ilikuwa imemfika kooni, anataka barabarani. Mama yake angemkalisha amalize, kwa sababu dawa ikishaingia mwilini inadai mkate wake wote. Mimi nikaona mkate ukipungua sukari itapungua, na si ndicho tulichokuwa tunakitafuta? Tukaondoka.

Njia panda palikuwa na kamba, meza ya maji na watu wengi. Fundi viatu alikuwa amewahi na kigoda chake. Karibu saa nzima Chiriku aliruka kama ametiwa moto miguuni, anamshangilia kila apitaye. "Twende kaka! Twende shangazi! Babu, viatu vimefunguka!" Watu wanamcheka, na mimi najidai, mjukuu wangu huyo.

Halafu akanyamaza.

Nilidhani amechoka. Nikamwona jasho linamtiririka, na jua lilikuwa bado dogo. Nikamshika bega asimame vizuri, akanisukuma. "Niache!" Mimi! Mbele ya watu! Nikainua mkono nimtie adabu, lakini alikuwa ameshakaa chini, amefungua kile kimfuko cha kipimo. Vidole vilimcheza, sindano ikamkosa mara mbili. Akapata damu. Akanyanyua uso, midomo haina rangi.

"Bibi, sukari imeshuka."

Nikachukua kipimo nikasoma. Mbili nukta nane.

Mbili! Tangu ile siku ya herufi sijawahi kuona mbili. Nilitazama tena, ni mbili. Nikapiga kigelegele. Naandika kama kilivyokuwa: mtoto amekaa vumbini anazimika, na mimi nimesimama juu yake napiga kigelegele, mpaka wakimbiaji wawili wakanipungia mkono wakidhani ni chao.

"Bibi, peremende." Alikuwa ameliingiza mkono begini, anatafuta. "Hazimo."

"Hazimo ndiyo. Nimezitoa."

"Nipe sukari, Bibi. Imeshuka."

"Imeshuka, halafu unataka tuipandishe? Leo ambapo tumeshinda?"

Akaanza kulia bila sauti. Fundi viatu akasogea. "Mama, mtoto anatetemeka huyu."

"Ana furaha."

"Furaha gani ya kutoa jasho hivi? Mtoto mzuri, unataka nini?"

"Kitu kitamu," Chiriku akasema, na ulimi ulikuwa mzito kama wa mlevi.

Fundi akaruka kamba, akarudi na chupa ya soda, ameshaifungua. Akainama amnyweshe. Niliipiga ile chupa kwa kiganja. Ilianguka kwenye lami ikavunjika, soda ikachuruzika hadi miguuni mwa watu. "Wewe ushone viatu!" nikamwambia. "Mtoto ana kisukari, unataka kumuua?"

Watu waliinua miguu wasikanyage vigae vya chupa. Wengine waliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimesema jambo ambalo wote walidhani ni kweli, na hilo ndilo linalonitisha zaidi. Umati mzima, na hakuna aliyesema Bibi umekosea.

Nikakaa chini nimshike, Chiriku akalala begani kwangu. Nikamwita. Akafungua macho, akanitazama, hakunijua.

Hapo ndipo damu iliponiacha. Mjukuu wangu, ninayelala naye chumba kimoja, ananitazama kama ukuta. Nikasema "Chiriku," nikasema jina lake la kweli, nikamtikisa. Fundi hakusubiri ruhusa tena. Alitoka mbio kwenda kule wanakotokea wakimbiaji, anapunga aproni yake. "Mita! Dada Mita! Sukari ya mtoto imeshuka!"

Mita alikuwa anatokeza kwenye kona, anakwenda ule mwendo wake wa polepole, kichwa chini. Aliponyanyua uso na kusikia neno hilo, sijawahi kuona kitu kama kile. Mwili ule wote uliondoka ardhini. Alikimbia kama hajakimbia kilomita hata moja, akawapita vijana wanne, na watu pande zote wakaanza kupiga makofi. "Huyooo! Mama anamalizia hivyo!" Wakapiga miluzi. Akaja na makofi yao yote nyuma yake, akaivuta kamba, akaanguka kwa magoti mbele yangu.

 Alisoma kipimo, akachana kifuko cha asali kwa meno, akamkalisha mtoto wima. "Chiriku, meza. Meza, mama. Kidogo tu." Anamkamulia ndani ya shavu kidogo kidogo, anamsugua kwa kidole, anamtazama koo. Mtoto akameza. Akamkamulia tena.

Baada ya robo saa akapima. Tatu nukta nne. Kifuko cha pili. Wakimbiaji wanapita, na yeye ameshika saa yake ya mkononi, midomo inahesabu dakika. Jasho lake lilikuwa limeanza kumkauka likawa chumvi usoni. Robo saa nyingine. Tano nukta moja.

Chiriku akasema, "Bibi ameninyima." Halafu akasema, "Mama, wenzako wanakupita."

"Wapite. Mimi nimemaliza."

"Hujamaliza. Bado kumi na moja."

Mita akanigeukia mimi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, ugomvi ningeumudu. Mwenye meza ya maji alikuwa ameleta mkate, Chiriku anatafuna, na umati umetuzunguka. Mita alipiga magoti palepale, macho yake sawa na yangu, kama anavyopiga magoti kwenye sanduku la mita.

"Mama, chini ya nne ni nini?"

"Mita, watu wanatutazama."

"Chini ya nne ni nini, Mama?"

Miaka yangu sabini na tatu. Nimezika mume, nimejenga nyumba kwa kufua nguo za watu, hakuna aliyewahi kuniuliza swali kwa sauti ile. Nilitaka kuinuka. Chiriku alikuwa ameegemea paja langu, sikuweza.

"Ni hatari," nikasema.

"Unafanya nini?"

"Nampa kitu kitamu."

"Lini?"

"Nikishamuuliza kwanza..."

"Lini, Mama?"

"Papo hapo."

"Halafu?"

"Nangoja robo saa. Napima."

"Ikiwa bado?"

"Nampa tena."

"Na akishindwa kumeza?"

Hilo sikulijua.  Fundi viatu alitazama viatu vya watu. Mita akanipa jibu: "Humwekei kitu mdomoni. Unamlaza kwa ubavu, unaita gari la wagonjwa. Sema."

Nikasema.

"Yote, toka mwanzo."

Nikayasema yote toka mwanzo, kwa sauti, barabarani, kama mtoto wa darasa la kwanza. Hakuna aliyecheka. Kuna mama mmoja nyuma yangu, simjui, nilisikia ananifuatisha kwa chini, "papo hapo... robo saa..."

Mita alitoa kifuko cha mwisho cha asali, mkanda wake ukabaki mtupu. Akakiweka kiganjani mwangu, akavifunga vidole vyangu. "Kila nusu saa upime. Uandike." Mkono wake ulikuwa baridi. Akamwambia fundi, "Kaa nao," akamwambia Chiriku, "Bibi akikosea, piga kelele barabara nzima isikie."

"Nitapiga," akasema Chiriku. Sauti yake ilikuwa imerudi.

Magoti yalikuwa yameshamkakamaa. Alianza kwa kutembea, anachechemea, anashika nyonga, kisha akaanza tena ule mwendo wake. Alitazama nyuma mara tatu. Niliinua mkono kila mara, na kila mara sikujua kama ananitazama mimi.

Sijawahi kumchoma mtoto kidole kabla ya siku hiyo. Nilikuwa nasema hiyo ni kazi ya mama yake. Nilimchoma. Aliniambia, "Pembeni, Bibi, katikati panauma," nikahamia pembeni. Fundi alinipa kipande cha boksi la viatu na kalamu yake ya kuchorea soli, nikaandika saa na namba, saa na namba. Soda ya fundi haikuondoka kichwani. Niliiona inachuruzika kwenye lami kila nilipofumba macho, na mpaka leo naiona, mchana nikianika nguo.

Mita alirudi nyumbani saa nane. Medali ilikuwa mfukoni mwa koti, siyo shingoni, na sikuiuliza. Alimtazama Chiriku, ambaye alikuwa anamsimulia paka wa jirani habari yote tena kwa kuongeza chumvi. Kisha akaninyooshea mkono wazi. Nikampa kile kipande cha boksi.

Alikisoma amesimama, kidole chini ya kila namba, kama anavyosoma mita za watu. Alipofika mstari wa mwisho akasimama.

"Hii ni sita au tisa?"

"Sita."

"Mbona mkia uko chini?"

"Mkono ulitetemeka."

"Iandike upya."

Nikakaa mezani, nikaikata, nikaandika sita nyingine pembeni yake, mkia juu. Alikuwa amesimama nyuma yangu mpaka nikamaliza. Nilingoja aseme. Nilitaka aseme, lolote, hata baya.

"Saa nane na nusu itakuwa zamu ya kupima," alisema. "Mimi naenda kuoga." Na kipimo akakiacha mezani, upande wangu.